Mdada wa Steshenari na Lugha Tano: PHP, Python, Ruby, Java au Node?

Ukitaka kuwasha moto kwenye meza ya vijana wa IT, achana na Simba na Yanga. Uliza tu hivi: "Nianze na lugha gani?" Waliokuwa wanakula chipsi mayai kwa amani wataacha sahani.

Mdada mmoja wa Sinza aliuliza swali hilo kwa watu wanne, akapata majibu matano. Jina lake halina haja. Ana miaka 24, aliishia kidato cha nne, na huu ni mwaka wa tatu yuko steshenari: kopi, printi, picha za pasipoti, maombi ya mkopo wa HESLB msimu ukifika, na wale wateja wa saa mbili usiku wenye fomu ya kazi inayofungwa saa sita kamili. HTML na CSS alijifundisha mwenyewe YouTube, palepale kaunta, mteja mmoja akishatoka na mwingine hajaingia. Ukurasa anautengeneza na unapendeza. Shida ni kwamba ulikuwa kama bango la barabarani: unalisoma vizuri, ila ukiliuliza kitu halikujibu.

Anayejibu anakaa nyuma, kwenye seva. Huko ndiko ombi lako linakopokelewa, databesi inafunguliwa, kitu kinatafutwa, halafu unarudishiwa ukurasa. Mbele, kwenye brauza ya simu yako, huna uhuru mkubwa: ni HTML, CSS na JavaScript, upende usipende. Nyuma ndiko kuna soko huria. PHP, Python, Ruby, Java, C#, Go, na hata JavaScript yenyewe imehamia huko. Na kila muuzaji anasema nyanya zake ndiyo za leo.

Kwa wengi hili ni swali la kupitisha muda. Kwake yeye lilikuwa na hela ya mtu ndani.

Mama yake mdogo anakodisha viti, maturubai na mapambo ya shughuli huko Tabata. Oda zote zinaandikwa kwenye kaunta buku moja. Desemba moja daftari hilo liliandikwa na mikono miwili, wa mama mwenyewe na wa kijana wa stoo, na Jumamosi ilipofika sendofu ya Segerea na harusi ya Kimara zote zilikuwa zimeahidiwa viti 300. Viti vilivyopo ni 450. Hesabu fanya mwenyewe. Wageni wa Kimara walikalia mabenchi ya kuazima, wengine wakala wamesimama, na mwenyekiti wa kamati alisema maneno ambayo hapa hayaandikiki.

Mwezi wa saba ma'mdogo akamwita. "Mwanangu, si unajua mambo ya kompyuta? Nitengenezee kitu kisichosahau. Kabla ya Desemba."

Wakakubaliana 700,000. Ma'mdogo akatanguliza 250,000. Sehemu iliongeza RAM kwenye laptopu yake ya mtumba aliyoitoa Kariakoo, sehemu ikaenda ada ya mdogo wake anayesoma ufundi. Yaani kwa kifupi hela ilishaliwa. Kurudisha haikuwezekana, na kumwambia ma'mdogo "nimeshindwa" ni kujitangaza kwenye ukoo mzima, maana huyo mama kila kikao cha familia yupo mbele na kipaza sauti.

Kufika mwisho wa Septemba alikuwa amemaliza sura ya kwanza ya lugha nne. Sura ya pili hakuifika hata moja.

Tatizo halikuwa uvivu. Kila akianza, anatokea mtu anamwambia amekosea njia.

Binamu yake mwenye diploma ya IT ndiye alikuwa na kelele kuliko wote. "Dada, PHP imekufa. We soma Node." Hii ya PHP kufa ni habari inayotangazwa kila mwaka na maiti haijapatikana. PHP ilianza 1994, ikatolewa kwa umma 1995, na aliyeianzisha, Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitaka tu vifaa vya kusimamia ukurasa wake binafsi. Haikupangwa iwe lugha kubwa, na ukiisoma unaona kabisa haikupangwa. Kuna amri zinataka utaje kwanza unachotafuta, nyingine zinataka utaje kwanza unapotafuta. Kabla ya toleo la 8 la mwaka 2020, ukilinganisha namba sifuri na neno "abc" kwa alama mbili za usawa, inakuambia ni sawa. Toleo la 6 halikutoka kabisa, wakaruka kutoka 5 hadi 7.

Lakini hiyohiyo ndiyo inayoendesha WordPress. Wikipedia inasimama juu yake. Facebook ilianza nayo 2004, na ilipokua sana haikuitupa, ilitengeneza lugha ndugu yake, Hack, mwaka 2014. Jirani zetu Kenya, mwanzoni mwa 2008 wakati wa zile ghasia za baada ya uchaguzi, waliunda Ushahidi, ramani ya taarifa za wananchi ambayo baadaye ilitumika sehemu nyingi duniani. Ilikuwa PHP. Toleo la 7 la mwaka 2015 lilikuja na kasi karibu mara mbili ya lililotangulia. Kwa marehemu, anakimbia sana.

Kaka mmoja wa benki, mteja wa steshenari, akamwambia Java. Siyo JavaScript. Hizo mbili zinafanana majina tu, zote zikiwa zimetoka 1995. Hoja yake ilikuwa kwamba Java ndiyo lugha ya kazi nzito, na hakudanganya: DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya Tanzania na Kenya, umeandikwa kwa Java. Ila Java inataka heshima kama ukweni. Kabla hujasema ulichojia, una salamu kumi za kutoa. Mtu mwenye miezi miwili na oda za viti haoni faida ya hizo salamu mapema.

Wa tatu alikuwa dada wa Mikocheni anayefanya kazi na wateja wa nje, akasema Ruby. Huyu aliongea kwa mapenzi. Ruby ni ya Mjapani, Yukihiro Matsumoto, nayo ya 1995, na umaarufu wake ulilipuka baada ya Mdenmark mmoja, David Heinemeier Hansson, kutoa Rails mwaka 2004. GitHub na Shopify zimejengwa hivyo. Ukisoma mistari yake unaweza kudhani ni barua. Mdada alivutiwa kweli, akaulizia Sinza, Mwenge, Kijitonyama nani mwingine anaijua. Akaonyeshwa namba ileile ya dada wa Mikocheni.

Wa nne ni YouTube, ambayo siku hizi nayo ni mtu. YouTube ilisema Python, kwa sababu ya akili bandia. Siku ya pili ikasema Node. Siku ya tatu ikasema Go.

Hapo akafanya jambo ambalo washauri wote hawakulisema. Alichukua kazi moja ndogo sana, ukurasa unaopokea tarehe na kujibu viti vilivyobaki siku hiyo ni vingapi, akaiandika kwa PHP, kwa Python na kwa Node. Ruby na Java aliziacha nje, bando lina mwisho.

PHP ilimpokea haraka. Alisakinisha XAMPP, akaweka faili kwenye folda moja, akafungua brauza, na usiku uleule akapata jibu: 450. Hakuna sherehe. Kilichomtesa ni masomo ya mtandaoni. Nusu ya video alizofungua zilikuwa zinafundisha amri za kale za kuongea na MySQL, zile zinazoanza na mysql_, ambazo ziliondolewa kabisa toleo la 7. Wewe ukikutana na video ya PHP inayotumia hizo, ifunge hapohapo, hata kama mwalimu ana sauti nzuri. Nyingi pia zinachukua alichoandika mteja na kukibandika moja kwa moja kwenye swali la databesi. Mteja mkorofi anaweza kuandika amri badala ya jina, na databesi ikatii. Njia salama ni kuandaa swali kwanza, data ikaja baadaye kwenye nafasi zake.

Python alitumia na Django. Jioni tatu nzima hakuona kitu cha maana, ni kuweka mipangilio na kusoma makosa. Jioni ya nne alifungua ukurasa wa msimamizi, akakuta Django imeshamtengenezea fomu za kuongeza oda, kurekebisha, kufuta, kutafuta, na kuingia kwa nywila. Vitu ambavyo kwenye PHP tupu angeviandika wiki mbili. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma 2005, kwa hiyo imetoka kwa watu ambao mhariri alikuwa amesimama nyuma yao. Instagram ilianza nayo. Ukweli lazima usemwe: kwa kazi ya ma'mdogo, Django peke yake kwenye karatasi ilikuwa inaongoza.

Node ilikuwa na vituko. Ryan Dahl aliitoa 2009 ili JavaScript ifanye kazi nje ya brauza, na mvuto wake ni huo, unajifunza lugha moja mbele na nyuma. Ila namna yake ya kufanya kazi ni tofauti na inamchanganya anayeanza. PHP ya kawaida ni kama mgahawa ambao kila oda inapata mpishi wake. Anaingia, anapika, anaosha sufuria, anaondoka, na oda inayofuata inaanza upya kabisa. Node ni mama ntilie mmoja mwenye mafiga mengi. Anabandika wali, hausubiri, anageuka kumkatia mwingine chapati, wali ukichemka anarudi. Kwa kazi zenye kusubiri kwingi, kama chati, mama huyo mmoja anahudumia umati. Ila mpe kinu atwange, foleni yote inasimama.

Sasa mdada alikuwa anaomba wali na kuondoka na sahani kabla haujaiva. Ukurasa wake ulijibu: "Viti vilivyobaki: undefined." Databesi ilikuwa bado inatafuta, yeye ameshaonyesha jibu. Alikuja kuelewa baada ya siku mbili kwamba lazima uiambie programu isubiri. Halafu ile folda ya vifurushi! Kitu kidogo tu kinavuta vifurushi vya watu wengine, navyo vinavuta vyao, na bando linayeyuka. Mwaka 2016 kifurushi kimoja cha mistari 11, left-pad, kiliondolewa na mwenyewe, na miradi mingi duniani ikagoma kujengeka siku hiyo. Mistari kumi na moja tu.

Basi hadi hapo Django mbele, PHP ya pili, Node ya tatu. Akaenda Mwenge kwa kaka mmoja wa makamo anayeishi kwa kutengeneza mifumo ya maduka na shule, amwonyeshe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Hiyo kitu itakaa wapi?"

Hakuwa amefikiria. Ma'mdogo tayari alikuwa na tovuti ya picha za viti, na kila mwaka analipia hosti. Wakaingia humo. Ilikuwa ile hosti ya bei nafuu ambayo biashara ndogo nyingi wanayo: PHP ipo, MySQL ipo, Python hakuna, Node hakuna. Kutumia hizo mbili ingebidi akodi seva yake, alipe kila mwezi kwa dola kwa kadi, na aisimamie mwenyewe, masasisho, ulinzi, kila kitu. Ma'mdogo alipie dola kila mwezi? Huyo ambaye hata LUKU ya stoo anauliza imeenda wapi?

Kaka yule hakuishia hapo. Akachukua simu yake na ya mdada, akafungua ukurasa ule kwenye zote mbili. Viti 450. Akaagiza 300 kwenye simu ya kwanza na 300 kwenye ya pili, akabonyeza kwa pamoja. Zote zikajibu: oda imepokelewa.

Mdada alinyamaza. Mikono miwili, daftari moja, Segerea na Kimara zimerudi.

Programu yake ilikuwa inauliza kwanza "vimebaki vingapi?", halafu ikiona vinatosha inaandika. Kati ya kuuliza na kuandika kuna sehemu ya sekunde, na ndani yake mtu mwingine anauliza pia na kuona 450 zilezile. Alijaribu baadaye kwa Django na Node, kosa likawa lilelile. Kwa hiyo wiki zote zile za kupima lugha, ugonjwa wa ma'mdogo ulikuwa haumo kwenye lugha. Ulikuwa kwenye databesi. Dawa yake ni kwamba anayeanza kuandika oda aushike mstari wa viti vya siku ile, databesi imzuie mwingine yeyote anayeutaka mpaka wa kwanza amalize, ndipo wa pili aingie na akute vimebaki 150. MySQL inajua kufanya hivyo kama umeiomba. PHP inaweza kuiomba, Python inaweza, Ruby inaweza, Java inaweza. Hakuna inayoiomba bila wewe kuelewa.

Alichagua PHP kwenye daladala akirudi Sinza. Hosti ipo, imelipiwa, na ikikwama usiku kuna mtu Mwenge wa kumpigia. Binamu alipoambiwa alicheka hadi akakohoa. "Dada, unajifunza lugha ya wazee." Ilimuuma, kwa sababu haikuwa uongo mtupu. Matangazo ya kazi anayoyaona kwenye simu yake mengi yanataka JavaScript au Python, na binamu huyohuyo alipata kazi mwezi uliofuata, ya Node, yenye kiti cha kuzunguka. Hilo la viti vya kuzunguka lilimkaa rohoni kuliko alivyotaka kukiri. JavaScript ameanza kuisoma taratibu kwa ajili ya upande wa mbele, ambako haikwepeki, na Django ameiacha kwenye laptopu, hajaifuta.

Oktoba na Novemba aliandika kila usiku. Fremuweki kama Laravel hakugusa, muda haukutosha. Mfumo ulikamilika siku nne kabla ya Desemba, rangi zake mbaya, ripoti hauna, ila unapokea oda na kuhesabu. Ma'mdogo aliutazama, akasema "sawa", akaendelea kuandika kwenye kaunta buku.

Jumamosi ya pili ya Desemba kijana wa stoo alipiga simu steshenari, mbiombio, wateja wamejaa kaunta.

"Dada, mfumo umegoma. Kuna kamati hapa wanataka viti 200, unakataa."

"Unasemaje?"

"Unasema vimebaki 150."

"Na daftari linasemaje?"

Kimya. Karatasi zikafunuliwa upande wa pili, mtu akahesabu kwa sauti.

"Mia na hamsini."

Kamati ile ilichukua 150 na mabenchi, wakijua mapema. Ma'mdogo alimtumia 300,000 jioni ile kwa simu. Zile 150,000 zilizobaki akasema atamalizia viti vyote vikirudi, halafu akauliza kama mfumo unaweza pia kuwatumia meseji wanaochelewa kurudisha.